Mfuko wa Kifuani, Upande wa Kushoto

KITUO CHA POLISI, UWANJA WA NDEGE
KARATASI YA MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kifo cha abiria wa kike, geti namba 4, tarehe 14 Machi
Shahidi: anajulikana kama Fundi Mifuko (jina la kitambulisho limo jaladani)
Umri: miaka 44
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya ghala la mizigo, chumba cha tatu kutoka bombani
Yameandikwa: tarehe 19 Machi, kuanzia saa 5:05 asubuhi
Amefikaje: kwa hiari yake, peke yake
Mwandishi: sajini wa zamu

Ni mimi mwenye jina hilo hapo juu. Sajini ameniambia silazimiki kusema jambo linaloweza kunitia hatiani. Nimemjibu kwamba hilo ndilo lililonileta. Nimeomba nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianzia mwisho nitaonekana nimerukwa na akili, naye amekubali ila ameniomba nisiende mbali sana.

Nimeshona kwa miaka ishirini na sita. Kwa miaka minne sasa meza yangu iko kwenye kibaraza cha duka la fotokopi, ng'ambo ya barabara, ukitazama jengo la abiria wanaoondoka. Zamani nilikuwa nashona suti na sare za shule mjini. Kilichonileta hapa uwanjani ni lile shirika la ndege la bei nafuu. Nauli yao ni ndogo kweli, sikatai, lakini ukishakata tiketi ndipo wanapoanza kukuchuna. Ukitaka kuchagua kiti, ada. Ukitaka maji ya kunywa, ada. Ukitaka wakuchapishie karatasi ya kupandia ndege pale kaunta, ada, na ndiyo maana duka la fotokopi halikauki watu. Mwishowe wakaligeukia begi la mkononi, lile dogo ambalo watu miaka yote huingia nalo bila kuulizwa. Wakaliwekea ada inayokaribia nauli yenyewe. Unaruhusiwa kitu kimoja tu, nacho lazima kiingie kwenye fremu ya chuma iliyosimama getini. Mkoba wa mwanamke nao ni kitu. Ukiwa na begi na mkoba una vitu viwili, utalipa.

Koti hawajalitoza bado. Koti ni nguo. Hapo ndipo nilipoiona riziki yangu. Mteja huniletea koti lolote alilonalo, nami namshonea mifuko ndani ya bitana, minane au kumi. Mmoja alitaka kumi na minne, akavuka barabara akitembea kama bata. Chaja, viatu, vitabu, sufuria ndogo, vyote nimeviingiza kwenye makoti ya watu. Kibao changu kimeandikwa KAZI YANGU HAIFUMUKI. Nilikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu na nilikuwa nikijivuna nacho.

Naomba nieleze ninavyofunga mifuko, maana jambo lote liko hapo. Mfuko uliojaa huachama. Wale wa getini wameshatujua, na wakiona mfuko umeachama humwamuru mtu avue koti, atoe vitu, vipimwe. Kwa hiyo mfuko ukishajaa naufunga kwa bandi, yaani mshono wa mkono, wa hatua ndefu, na ninatumia uzi mwekundu. Ninaacha mkia wa uzi wa urefu wa kidole. Mteja akishaketi ndegeni anauvuta ule mkia, bandi yote inatoka, mfuko unafunguka. Hahitaji mkasi wala wembe, ambavyo kwenye ukaguzi hunyang'anywa. Lakini mfuko mmoja huwa siufungi kabisa, nao ni wa kifuani, upande wa kushoto. Huo ni wa kitu cha dharura. Kanuni hiyo nilijiwekea mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, na sikuwahi kuivunja hadi tarehe 14.

Sajini ameniuliza kama watu wa ukaguzi hawayashuku makoti haya. Hawayashuku. Koti hupita kwenye mashine pamoja na viatu na mikanda. Wao wanatafuta silaha, soksi za watu haziwahusu.

Sasa nimseme mfanyakazi wa geti namba 4, binti wa miaka kama thelathini, ambaye mnaye humu ndani. Mimi ndiye niliyembandika jina la Bi Rula, kwa anavyopima mabegi ya watu, likamganda, hata wapagazi humwita hivyo mbele ya uso wake. Hatukuwa tukipikika chungu kimoja. Yeye wateja wangu aliwaita magunia. Mwaka jana alinisemea kwa wakubwa wa uwanja nikaondolewa kibarazani, nikakaa nyumbani siku mbili, nikarudi. Nilimwombea mabaya, na sikumwombea mara moja. Nalisema hili ili isije ikadhaniwa kwamba nimekuja hapa kwa sababu ya urafiki.

Mnamo tarehe 12 Machi, saa 9:00 alasiri, walikuja mezani kwangu mama mmoja wa miaka sitini na kitu na mume wake. Mama alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nami tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu. Mumewe alikuwa amestaafu posta. Walileta koti la mume, lile la kazi, zito, la buluu iliyoiva, lenye vifungo vya shaba. Binti yao wa pekee alikuwa amejifungua nchi ya mbali, kwa upasuaji, na Mwalimu alikuwa anakwenda kumtunza mzazi na kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hakuwahi kupanda ndege. Nilimpima, nikamwambia koti litamfika magotini, akasema afadhali, mapaja yake hayana haja ya kuonekana na rubani.

Wakati namwandikia vipimo alichukua kazi nyingine iliyokuwa mezani, akaigeuza ndani nje, akaikagua mishono yake kwa kidole.

"Hapa nakupa tisa juu ya kumi," akaniambia.

"Na moja imekwenda wapi, Mwalimu?"

"Kibao chako kina herufi kubwa mno. Mwanafunzi mwenye kelele namkata moja."

Mumewe alicheka mpaka akakohoa. Nilimpenda mama yule, sioni aibu kusema. Koti lake nililishona kwa siku moja na nusu, na bitana niliipiga mshono mara tatu.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa 3:20 asubuhi, walifika tena. Ndege ilikuwa ya saa 6:10 mchana, na geti hufungwa nusu saa kabla. Alikuwa na begi dogo la magurudumu na mkoba wa ngozi. Tulianza kujaza koti, mimi na yeye, mume akisoma majina ya vitu kwenye karatasi waliyoiandika nyumbani. Soksi za mtoto jozi sita. Kofia tatu alizozifuma mwenyewe, moja ya kijani, mbili nyeupe. Nguo laini za kumfungia mtoto. Picha za binti alipokuwa mdogo, ndani ya bahasha. Kijisaa cha mezani kilichokuwa cha mama yake. Mifuko sita ikajaa, nami nikaifunga yote kwa bandi ya uzi mwekundu, nikamwonyesha mikia na kumwelekeza namna ya kuvuta. Alijaribu mmoja, ukafunguka, akafurahi, nikaufunga upya.

Kama saa 4:05 mume akakumbuka mkoba. Aliyasoma masharti kwenye simu kwa sauti, mara mbili. Mkoba nao ni kitu. Mwalimu akanitazama. Nikamwambia dawa yake ni kumwaga vilivyomo, tuukunje, tuulaze ndani ya begi, chini kabisa, na vilivyomo viingie kotini. Wakati huohuo mume alikwenda kupanga foleni dukani kuchapisha karatasi ya kupandia ndege. Kwa hiyo yaliyofuata hakuyaona. Naomba sajini aliandike hilo vizuri, kwamba mume hakuyaona.

Mwalimu aliumwaga mkoba juu ya meza yangu. Kulikuwa na miwani, leso, kalamu mbili, funguo za nyumbani na pampu ya pumu, ya buluu, yenye kifuniko. Miwani, leso na kalamu tulivitia mfuko wa saba nikaufunga. Funguo alizitenga ampe mumewe. Pasipoti alisema ataishika mkononi, asije akahangaika nayo mbele za watu. Pampu aliichukua mwenyewe na kuitia mfuko wa kifuani, upande wa kushoto.

"Hii ndiyo inayonipumulia," alisema.

Nikamwambia, "Huo siufungi, Mwalimu. Huo unabaki wazi." Hayo maneno niliyatamka mimi.

Baada ya hapo nilimwomba avue koti nilipige pasi, maana begani lilikuwa limejikunja. Nikalitandaza. Mifuko saba imelala kimya, na ule wa kifuani umeachama, pampu imeuvuta chini, mdomo wazi. Mume alikuwa amerudi na karatasi anasema saa, saa, saa inakwenda. Sasa hapa ndipo penye shida ya kueleza kwa mtu asiyeshona. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na amri moja kubwa, kwamba koti halitoki mezani mdomo wazi. Koti jipya lolote la fundi wa kweli hutoka limefungwa mifuko, ili lisipoteze umbo, na mwenyewe huifungua nyumbani. Nilipokuwa mwanafunzi alinichapa kwa rula ya mbao kila nilipouacha mfuko wazi. Nilichapwa miaka mitatu. Mkono wangu unaujua mdomo wa mfuko ulio wazi hata mimi nikiwa nawaza mambo mengine.

Nililisukuma koti chini ya sindano. Cherehani ilikuwa na uzi wa buluu, nailoni, rangi ileile ya koti. Nilipita juu ya mdomo wa mfuko mara mbili, nikarudi nyuma kukaza, nikakata uzi pale pale kwenye kitambaa. Sikuacha mkia. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Nilipitisha pasi, na mshono haukuonekana kabisa.

Sajini ameniuliza kama wakati ule nilikumbuka kwamba ndani ya mfuko mna pampu. Jibu langu ni kwamba nilikuwa nimeiona ikiingia, na dakika kumi baadaye nilichokuwa nakiona ni mfuko ulioachama. Ameniuliza kama nilisahau. Ndiyo, nilisahau, lakini naona neno hilo ni dogo, na nimemwambia kama ana jingine aliandike.

Nilimvalisha Mwalimu koti. Aliusugua mkono wake kifuani, juu kwa chini, akaona palivyonyooka, akadhani ni uzuri wa pasi. Saa 4:35 alivuka barabara akivuta begi. Katikati ya kivuko aligeuka, akaniinulia vidole vyote kumi.

"Kumi juu ya kumi, fundi!"

Mume hakuondoka. Wanaoruhusiwa kupita ukaguzi ni wasafiri tu, lakini alisema hatatoka pale mpaka aione ndege ikipaa kwa macho yake. Nilimpa kiti. Tulizungumza habari za posta, jinsi watu walivyokuwa wakipeleka vifurushi vya ajabu, mmoja alipeleka jino. Kama saa 5:50 gari la wagonjwa lilipita mbele yetu na kuingia lango la pembeni. Sikulijali. Pale uwanjani hupita kila wiki.

Ndege ilipaa saa 6:25. Ilitoka upande wa ghala, ikapita juu yetu. Mume alisimama, akavua kofia, akaipungia ndege mpaka ikawa kitone. Alikuwa akitabasamu. Mkewe alikuwa amekwishakufa, amelala sakafuni pale geti namba 4, mita mia tatu kutoka tuliposimama, na kilichokuwa ndani ya ndege ile ni begi lake peke yake. Saa 6:40 alikuja mlinzi wa uwanja kumwita. Aliacha kofia kwenye kiti changu.

Ya getini sikuyaona. Nayasema kama nilivyoyasikia kwa mume, naye aliyasikia kwa abiria waliokuwa kwenye foleni. Mwalimu alifika getini akihema, maana alitembea mwendo mrefu amevaa koti zito kwenye joto. Begi lilikataa kuingia kwenye fremu, gurudumu moja lilizidi kwa upana wa kidole. Bi Rula akalibandika karatasi, mpakiaji akalichukua likapelekwa kwenye ndege pamoja na mengine yaliyokataliwa, na Mwalimu akaambiwa asimame pembeni alipe. Wakabishana. Pumzi zikaanza kumkata. Akawa anajipigapiga kifuani na kumtazama Bi Rula, na Bi Rula akatikisa kichwa. Mara mbili, mara tatu, kila akijipiga kifua binti anatikisa kichwa. Watu wa foleni wanasema ilidhaniwa anajisingizia ugonjwa ili asamehewe ada, kwani wengi wameshafanya hivyo. Halafu akakaa chini, halafu akalala.

Mume alijua kitu kimoja tu, kwamba pampu ya mkewe miaka yote hukaa kwenye mkoba; kwamba tulikuwa tumeihamisha hakuambiwa. Mkoba ulikuwa ndani ya begi. Begi alilichukua Bi Rula. Kwa hiyo aliapa hapa kituoni kwamba binti yule alimnyima mkewe pampu yake, na abiria wakasema ndiyo, tulimwona akimkatalia. Begi lenyewe halijarudi. Ndege iliondoka nalo, na mpaka juzi shirika lilikuwa likimwambia mume kwamba kuna ada ya kulihifadhi huko liliko. Nilipolisikia hilo nilitukana, na sajini amekubali nisilirudie tusi.

Mnamo tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mazishi, saa 4:00 asubuhi, mume alikuja mezani kwangu. Nilimpa pole, nikampa kofia yake. Alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na koti. Alisema hospitali walimkabidhi koti kama lilivyo. Yeye na shemeji yake walishindwa kuifungua mifuko, waliogopa kuchana, na vile vitu ni vya mtoto, lazima vimfikie mtoto.

"Wewe ndiye uliyefunga," akaniambia. "Tufungulie, baba."

Nilivuta mikia myekundu mmoja baada ya mwingine. Soksi. Kofia. Nguo. Picha. Kila kitu nilichokitoa alikipokea kwa mikono miwili, akakilaza kwenye gazeti. Huku ananisimulia habari za getini. Alisema, "Yule binti wameshamweka ndani. Mimi ndiye niliyemshitaki, na hatoki." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Nikafika kifuani. Nilitafuta mkia wa uzi kwa kidole, haupo. Nikatazama kwa macho. Kitambaa cha pale kilikuwa kimekwaruzwa, manyoya yamesimama kama yamepitiwa na brashi ya chuma, mistari mitano sita, yote inakwenda kwenye mdomo wa mfuko. Bitana ilikuwa imevutika kwa ndani. Mshono haukuachia hata hatua moja. Kwenye mshono wenyewe, katikati ya uzi, palikwama kipande cha ukucha.

Ndipo nikajua. Mwalimu hakuwa akijipiga kifua kwa maumivu.

Mume wakati ule alikuwa ameivaa ile kofia ya kijani kwenye ngumi yake, anaigeuza hivi na hivi, anatazama mama alivyoifuma. Nilichukua kisu cha kufumulia, nikaukata mshono, nikaingiza vidole viwili, nikaishika pampu. Nilitoa mkono nikiwa nimeikunjia ngumi, nikaitumbukiza kwenye kopo la vifungo chini ya meza, na kile kipande cha ukucha nikakitia humo pia. Mume akaniuliza, "Na huo?" Nikamwambia, "Huu mtupu."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Akakunja gazeti lake, akanishika mkono, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Akaondoka na koti begani.

Sitadanganya kwamba nilitaka kuja siku hiyo. Nilijiambia mama amekwishazikwa, na Bi Rula nilikuwa nikimwombea mabaya kwa muda mrefu, basi yamempata. Nililala na hilo usiku kucha na halikunipa usingizi. Nilijiambia pia kwamba fremu ile sikuiweka mimi, wala ada sikuipanga mimi, na kwamba bila wao mama yule angeingia na mkoba wake kwapani kama binadamu. Hilo bado naliamini, afande. Naomba liandikwe. Lakini uzi ni wangu.

Jana, tarehe 18 Machi, wateja walifurika. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile mbele ya meza yangu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba begi likichukuliwa getini na dawa zako zimekwenda, basi kila mgonjwa aliyekuwa na safari alitaka dawa zake zishonewe kotini. Mwenye sukari alikuja na sindano zake. Mwenye moyo alikuja na vidonge. Walikuwa wakinisifu. Saa 8:15 mchana akaja dada mmoja, mjamzito, akafungua kiganja chake mbele yangu, na ndani mlikuwa na pampu ya buluu, sawasawa na ile.

"Nishonee hapa kifuani, fundi," alisema. "Uifunge vizuri, wasije wakaninyang'anya kama yule mama."

Nilimwambia cherehani imeharibika. Nikawafukuza wote, nikashusha kibao, nikaenda nyumbani nikiwa na kopo la vifungo. Mke wangu aliniona nimekaa kitandani nimelikumbatia, akaniuliza, nikamweleza yote. Halafu akanipigia pasi shati hili nililovaa, akasema, "Nenda asubuhi. Watoto nitawaambia umesafiri."

Nilipoingia hapa leo nimempita Bi Rula kwenye benchi la ndani, hana viatu, nywele zimemtimka. Aliponiona alisema, "Umekuja kunitazama, fundi? Haya, nitazame." Niliendelea kutembea. Nilikuwa naogopa kwamba nikimjibu yeye kwanza nitaishiwa maneno kabla ya kufika kwa sajini.

Kwa hiyo nasema hivi. Pampu haikuwa kwenye begi. Begi likirudi msiitafute humo. Ilikuwa kifuani kwa mwenyewe, mkono wake juu yake, na kati ya mkono na pampu kulikuwa na mshono wangu. Koti analo mume, uzi wa buluu uliobaki kwenye kitambaa ni huohuo ulio kwenye cherehani yangu, mnaweza kulinganisha. Naomba mume aambiwe na polisi, nisimwambie mimi. La, naomba nibadilishe. Nitamwambia mimi, mkinipa nafasi.

Niliyoyasema yameishia hapa. Nimeyasema nikiwa na akili zangu, hakuna aliyenitisha wala kunirubuni, na yakisomwa mbele ya mtu yeyote nitayatambua kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Saa 7:40 mchana

MAELEZO YA NYONGEZA YA MWANDISHI

Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti. Amesahihisha sehemu moja: nilikuwa nimeandika kwamba alipita na cherehani mara moja, akasema ni mara mbili na kurudi nyuma.

Nimepokea kutoka kwake kopo la vifungo. Ndani yake: pampu ya pumu moja, rangi ya buluu, kidirisha cha kuhesabu dozi zilizobaki kinasomeka 186; nilipoibonyeza ilitoa dawa. Kipande kimoja cha ukucha, kimefungwa kwenye bahasha. Taarifa ya hospitali iliyomo jaladani inataja kucha tatu zilizovunjika mkono wa kulia.

Shahidi ameonywa, amewekwa chumba cha pili, na amekabidhi mkanda, futi ya kupimia na kastabani ya kukinga kidole na sindano. Mume wa marehemu ameitwa kufika na koti.

Saa 8:10 mchana, kwa idhini ya mkuu wa kituo, nimemsomea mfanyakazi wa geti sehemu inayohusu mfuko wa kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniomba nirudie pale marehemu alipokuwa akijipigapiga kifua, nikarudia. Nilimwambia ataachiwa taratibu zikikamilika, awaite ndugu zake wamletee viatu. Hakuinuka kwenye benchi. Alisema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyatamka:

"Nilidhani ananionyesha pesa ziko mfukoni. Nikamwambia mama, hatupokei taslimu, ni kadi tu. Nilimwambia mara tatu."